Oksidesheni ama ridaksheni: njia nne za kusoma nusu-ikwesheni, na ushike gani lini

Juzi saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha ya daftari kwa WhatsApp, yeye yuko Kisumu anangoja KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka huu na mimi niko Nakuru, na swali lenyewe lilikuwa nusu-ikwesheni moja tu, yaani ikwesheni yenye inaonyesha upande mmoja wa rieksheni, kupoteza elektroni ama kupata: MnO₄⁻ → Mn²⁺, sema kama ni oksidesheni ama ridaksheni. Alikuwa ameandika oksidesheni na mwalimu akapiga iksi nyekundu. "Anko," akaniandikia, "si chaji ilikuwa minasi moja ikafika plasi mbili, kwani hiyo si kupoteza elektroni?"

Nilikaa na hiyo meseji kitambo. Mtoto hakuwa amekisia, alikuwa amefikiria na tena vizuri, shida ni kwamba alichukua njia yenye inafanya kazi kwa swali la aina moja akaipeleka kwa swali la aina ingine. Nimefundisha kemistri miaka ya kutosha kujua si yeye pekee. Wanafunzi wengi wananiuliza "tichaa, njia poa ni gani?" wakitarajia niwape moja wakariri waende nayo mpaka mwisho, na mimi kila mara nawauliza kwanza, swali limekupa nini?

Kabla hatujalinganisha, kuna kitu naona kikielezwa mtu anapumua. Hizi maana hazikuzaliwa siku moja. Kina Lavoisier kule Ufaransa miaka ya 1770 na kitu walikuwa wanajua kuhusu kuungua kwa vitu na oksijeni, lakini elektroni hawakuwa wanaijua kabisa, elektroni ilikuja kutambuliwa na J. J. Thomson 1897, zaidi ya miaka 100 baadaye. So maana ya kwanza ya oksidesheni ilikuwa ni kitu kupata oksijeni, na hilo neno ridaksheni linatoka kwa Kilatini cha kurudisha, yaani unachukua mawe ya madini unayachoma na makaa mpaka metali inarudi ikiwa safi. Maneno anodi na kathodi, majina ya zile elektrodi mbili ambapo stima inaingia na kutoka, nayo yaliingia 1834 kwa maandishi ya Faraday. Elektroni ndo ilikuja mwisho ikaeleza kwamba hao wote walikuwa wanaangalia kitu kimoja kutoka kwa madirisha tofauti. Ndo maana njia ziko nyingi na hakuna yenye ni ya uongo.

Nitazipima na nini

Nimechukua vitu vitano. Kwanza, njia inataka uwe umepewa nini ndo ifanye kazi. Pili spidi, sababu pepa ya kwanza ya kemistri ni maksi 80 kwa masaa mawili, hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila maksi na kuna maswali ya kuchora na kukokotoa yanangoja. Tatu, inateleza wapi. Nne, kama mtahini amesema "eleza jibu lako", je, hii njia inakupa sentensi ya kuandika ama inakupa jibu tu. Tano, inamfaa nani.

Na ili nisipendelee, zote nimezipitisha kwa maswali manne yaleyale:

A. Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu
B. MnO₄⁻ → Mn²⁺ (hili la mpwa wangu)
C. C₂H₅OH → CH₃COOH, yaani pombe ikiachwa wazi mpaka inakuwa siki
D. Pb + SO₄²⁻ → PbSO₄, sahani ya ledi ndani ya betri ya gari ikiwa inatoa stima

Njia ya 1: angalia elektroni ziko upande gani wa mshale

Hii ndo ya OIL RIG, zile herufi za Kiingereza (Oxidation Is Loss, Reduction Is Gain) zenye wengi tulifundishwa: oksidesheni ni kupoteza, ridaksheni ni kupata, tunaongea elektroni. Ukiona e⁻ iko kulia kwa mshale, imetolewa, ni oksidesheni. Ikiwa kushoto, imepokewa, ni ridaksheni.

Inataka nini: inataka elektroni ziwe zimeandikwa, ama wewe mwenyewe uweze kubalansi mpaka zitokee. Swali A unalimaliza kabla hujashika peni vizuri, elektroni ziko kushoto, ridaksheni, endelea. Hakuna njia ingine hapa inaifikia kwa spidi.

Swali D nalo ni sawa, kushoto kuna chaji minasi mbili (ya salfeti), kulia sifuri, so lazima elektroni mbili ziwekwe kulia ndo pande zote zikuwe minasi mbili. Oksidesheni. Swali C inabidi ubalansi na maji kwanza: C₂H₅OH + H₂O → CH₃COOH + 4H⁺ + 4e⁻. Elektroni nne kulia, oksidesheni. Inatoka, lakini umetumia dakika.

Sasa swali B ndo mahali mpwa wangu aliumia, na nataka nikae hapa kidogo sababu hili kosa nimeliona kwa daftari za wanafunzi werevu sana. Aliona minasi moja ikawa plasi mbili akasema chaji imepanda, elektroni tatu zimetoka. Ingekuwa kweli kama ioni ingebaki vile ilivyo. Lakini hapa oksijeni nne zimetoka, na hazikuenda hewani, zimeshikana na H⁺ nane za asidi zikawa maji. Ukiandika yote inakuwa MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O. Hesabu chaji sasa: kushoto bila elektroni ni minasi moja na plasi nane, plasi saba. Kulia ni plasi mbili. Ndo zilingane inabidi elektroni tano ziingie KUSHOTO. Ridaksheni. Kwa hivyo sheria ni hii, kuangalia chaji kwa macho tu bila kubalansi ni salama pale kitu kimebadilisha chaji peke yake, kama Fe²⁺ kwenda Fe³⁺. Atomu zikiingia ama zikitoka, balansi kwanza ama hama njia.

Mtego mwingine ni mdogo lakini unakula maksi: kuna vitabu na noti zinaandika Zn − 2e⁻ → Zn²⁺. Elektroni ziko kushoto, ndiyo, lakini na alama ya kutoa. Hiyo bado ni oksidesheni, zinki inanyang'anywa. Angalia alama kabla ya upande.

Kwa "eleza jibu lako" hii njia ni nzuri sana, sentensi ni moja: ioni ya shaba imepokea elektroni mbili. Inamfaa mtu mwenye anaanza hii topiki, mtu wa elektrolisisi (kupasua vitu kwa stima), na mtu yeyote mwenye kubalansi hakumsumbui.

Njia ya 2: namba ya oksidesheni

Hapa hauulizi elektroni ziko wapi, unauliza elementi moja ilikuwa na namba gani na sasa iko na namba gani, namba yenyewe ikiwa ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni za kila bondi zingehesabiwa kwa yule anayezivuta zaidi. Ikipanda ni oksidesheni, ikishuka ni ridaksheni.

Inataka nini: fomula peke yake. Elektroni ziwepo, zisiwepo, asidi imetajwa ama haijatajwa, haijali, na ndo nguvu yake. Lakini inakutaka wewe uwe umeshika sheria chache bila kusitasita: elementi ikiwa peke yake ni sifuri, ioni ya atomu moja ni chaji yake, oksijeni kawaida ni −2, hidrojeni kawaida ni +1, na zote zikijumlishwa zinatoa chaji ya fomula nzima.

Swali B kwa hii njia: oksijeni nne ni −8, jumla inatakiwa kuwa −1, so manganizi ni +7. Kulia ni +2. Imeshuka, ridaksheni, imekwisha. Mpwa wangu nilipomwonyesha hii akaandika "aaaa" ndefu. Swali A, +2 mpaka 0, imeshuka. Swali D, ledi 0 mpaka +2, imepanda. Swali C linahitaji uvumilivu kidogo sababu kaboni ziko mbili na hazifanani, unachukua wastani: kwa ethanoli kaboni ni −2, kwa asidi ya siki ni 0. Imepanda, oksidesheni. Zote nne zimepita, na hakuna njia ingine kwa hizi imepita zote bila kubalansi wala kubahatisha. Lakini subiri kabla useme hii ndo mfalme.

Spidi yake ni ya wastani. Kwa swali kama A ni kupoteza muda tu, unahesabu kitu chenye macho yameshaona.

Inapoteleza: namba hasi. Mwanafunzi anaona −1 ikawa −2 anasema imepanda sababu mbili ni kubwa kuliko moja. Huwa nawaambia wachore mstari wa namba pembeni ya karatasi, ata kama ni fomu foo, hakuna aibu. Halafu kuna oksijeni ya peroksaidi, H₂O₂, hiyo ni −1 si −2, na hapo ndo inakuwa tamu kwa sababu H₂O₂ inaweza kwenda njia mbili: ikiwa maji, oksijeni imetoka −1 ikafika −2, ridaksheni, ikiwa gesi ya oksijeni imetoka −1 ikafika 0, oksidesheni. Kitu kimoja, majibu mawili, inategemea imekuwa nini. Na usishangae ukipata namba za vipande, kwa Fe₃O₄ chuma inatoka 8 juu ya 3, huo ni wastani tu, haujakosea.

Mahali hii njia inang'aa kuliko zote ni kukuambia HAKUNA kitu kimetokea. Chukua kromati ya njano, ongeza asidi, inakuwa daikrometi ya rangi ya chungwa. Rangi imebadilika mbele ya macho yako na mwanafunzi anakimbilia kuandika ridaksheni. Hesabu kromiamu: kwa CrO₄²⁻ ni +6, kwa Cr₂O₇²⁻ ni +6. Haijasonga. Si oksidesheni, si ridaksheni. Hizi njia zingine tatu hazikuonyi haraka hivyo.

Na kuna mfano wa huku kwetu wenye naupenda. Migori na Kakamega watu wanachimba dhahabu, na kuna wenye wanaitoa kwa udongo wakitumia sayanaidi, ambayo ni sumu kali na si ya kuchezea: Au + 2CN⁻ → [Au(CN)₂]⁻ + e⁻. Angalia tu chaji ya ile ioni ya mwisho, ni minasi, mtu anasema dhahabu imepata elektroni. Hapana. Sayanaidi mbili zimeleta −2, jumla ni −1, so dhahabu ni +1, imetoka 0, imepoteza. Baadaye inawekwa unga wa zinki na dhahabu inarudi kutoka +1 hadi 0. Inarudi, ndo lile neno la Kilatini.

Kwa kueleza, unaandika "namba ya oksidesheni ya manganizi imeshuka kutoka +7 hadi +2" na mtahini ameridhika. Inamfaa mtu mwenye hesabu za minasi hazimtishi, na mwenye maswali yake yamejaa ioni ndefu ndefu za oksijeni.

Njia ya 3: oksijeni na hidrojeni

Ya zamani zaidi. Kupata oksijeni ama kupoteza hidrojeni ni oksidesheni, kupoteza oksijeni ama kupata hidrojeni ni ridaksheni. Kuna walimu wanaidharau wakisema ni ya fomu wani, mimi sikubaliani nao, nitasema kwa nini.

Inataka nini: oksijeni ama hidrojeni ionekane ikisonga. Swali A haina yoyote, njia inanyamaza, na kunyamaza si kosa, ni dalili uhame. Swali B, manganizi imepoteza oksijeni zote nne, ridaksheni, sekunde mbili. Mpwa wangu angetumia hii angepata! Swali C ndo nyumbani kwake kabisa: kutoka C₂H₅OH hadi CH₃COOH umeongeza oksijeni moja na umetoa hidrojeni mbili, zote mbili zinasema oksidesheni, huna haja ya wastani wa kaboni wala kubalansi na maji. Swali D inatoa jibu sahihi lakini kwa bahati, mwanafunzi anaona ledi "imepata oksijeni" ndani ya salfeti, ilhali hiyo oksijeni ilikuja ikiwa imeshikana na salfa yake na itabaki nayo. Sipendi jibu sahihi la sababu mbaya, siku ingine litakuuza.

Inapoteleza ni maji. Ethini ikiongezwa maji inakuwa ethanoli: C₂H₄ + H₂O → C₂H₅OH. Imepata oksijeni, imepata hidrojeni pia, sasa utasema nini? Ukihesabu wastani wa kaboni ni −2 mwanzo na −2 mwisho, hakuna kilichotokea. So ukiona vyote viwili vimeingia pamoja kama maji, ama vimetoka pamoja kama maji, hii njia iweke chini. Na kwa 4OH⁻ → O₂ + 2H₂O + 4e⁻, ile ya anodi kwa elektrolisisi, inachanganya kabisa sababu oksijeni ndo yenyewe inabadilika, huwezi uliza oksijeni kama imepata oksijeni. Hapo elektroni ziko kulia, rudi njia ya 1 umalize.

Kueleza unaweza, "ethanoli imepoteza hidrojeni na kupata oksijeni" ni sentensi halali. Inamfaa mtu wa kemistri ya kaboni, zile za ethanoli na daikrometi yenye asidi inatoka chungwa inakuwa kijani, na inamfaa sana mtu wa bayolojia, maana NAD⁺ (molekuli yenye inabeba elektroni ndani ya seli za mwili) ikiwa NADH wewe unaona hidrojeni imeingia unasema ridaksheni na unaendelea na maisha.

Njia ya 4: uliza ni elektrodi gani, ama angalia jedwali la volti

Anodi ni oksidesheni, kathodi ni ridaksheni. Daima. Iwe betri inatoa stima ama inapewa stima, hiyo haibadiliki. Wengine wanashika kwa AN OX na RED CAT, na ni sawa.

Inataka nini: seli, mchoro, ama jedwali la E°, yaani volti zenye zinaonyesha kila kitu kina nguvu kiasi gani ya kupokea elektroni. Ukipewa nusu-ikwesheni tupu kama C, hii njia haina la kusema. Ukipewa seli imeandikwa Zn | Zn²⁺ || Cu²⁺ | Cu, upande wa kushoto ni oksidesheni, upande wa kulia ni ridaksheni, hakuna hesabu. Na ukipewa jedwali, kila mstari umeandikwa kama ridaksheni, elektroni kushoto, na hapo ndo watu wanapotea: si kwamba zote zitakuwa ridaksheni. Unalinganisha mbili, yenye E° iko juu zaidi inabaki kama ilivyoandikwa, yenye iko chini unaigeuza. Zinki ni −0.76, shaba ni +0.34, so shaba inabaki, zinki inageuka inakuwa oksidesheni, na seli inatoa volti 1.10.

Hapa kuna kitu hizi njia zingine haziwezi kukupa. Swali A limeandikwa kama ridaksheni na likiwa limeandikwa hivyo basi ni ridaksheni, sawa. Lakini je, kwa labu itatokea? Ukiweka shaba na zinki, ndiyo. Ukiweka shaba na fedha, yenye ni +0.80, shaba ndo itageuzwa na kuwa oksidesheni. Jedwali ndo linajua upande gani mshale utaelekea, hizi zingine zinasoma tu mshale wenye umeshachorwa. Swali B, pamanganeti iko karibu +1.51, iko juu sana, ndo maana inashinda wengi na kuishia kuwa ridaksheni.

Inapoteleza ni alama za plasi na minasi, na ntaeleza polepole. Kwa betri inayotoa stima, anodi ni minasi. Kwa elektrolisisi, anodi ni plasi. Mwanafunzi akikariri "anodi ni plasi" amebeba nusu ya ukweli. Chukua betri ya gari, swali letu la D. Ukiwasha taa, sahani ya ledi ni minasi na inapoteza elektroni, ni anodi. Ukipeleka betri ichajiwe, ile sahani bado imefungwa kwa waya wa minasi, haijasonga, lakini sasa PbSO₄ inapokea elektroni inarudi kuwa ledi, so sasa ni kathodi. Sahani ni ileile, alama ni ileile, jina limebadilika kwa sababu kazi imebadilika. Kariri kazi, achana na alama.

Watu wa Nakuru tunajua betri kavu, kiwanda cha Eveready kilikuwa hapa mpaka kikafungwa 2014. Ile kopo ya nje ya betri ya tochi ni zinki, na ndo anodi. Wale tulikulia mashambani tulikuwa tunaanika betri juani zikiisha nguvu, na zingine zilikuwa zinatoboka zinatoa maji yanakula redio. Kile kitobo ni Zn → Zn²⁺ + 2e⁻, zinki imeoksidishwa mpaka ukuta umeisha. Ndani, manganizi ya MnO₂ inatoka +4 inashuka +3, hiyo ndo kathodi. Mtu akiwa ameshika hiyo betri mkononi huwa hasahau tena.

Spidi ni kubwa ukipewa mchoro, ndogo ukipewa jedwali refu. Kueleza, kusema tu "ni anodi" hakutoshi, ongeza sentensi ya elektroni kutoka njia ya 1 ama ya E° ipi iko juu. Inamfaa mtu mwenye anafikiria kwa picha, na fundi wa betri ama sola mwenye amerudi shule.

Sasa kulingana na hali yako

Ukiona e⁻ imeandikwa tayari, usitafute kitu kingine, angalia upande wa mshale, hakikisha tu si alama ya kutoa, na uende swali lingine.

Kama elektroni hazijaandikwa na kuna ioni yenye oksijeni nyingi, pamanganeti, daikrometi, naitreti, shika namba ya oksidesheni. Ukiwa na wasiwasi ukaguwe na oksijeni, imepotea ama imeongezeka, ni sekunde mbili na zote mbili zikikubaliana unaweza kulala.

Kama ni kampaundi za kaboni, anza na oksijeni na hidrojeni. Zikiingia zote pamoja kama maji, hamia namba.

Kama swali lina mchoro wenye vikombe viwili na daraja la chumvi, anza na elektrodi. Lakini usiishie hapo, andika nusu-ikwesheni kando na uone elektroni zimeangukia upande wenye ulitarajia.

Kama swali linauliza "je, rieksheni itatokea?" ni jedwali pekee, hizo zingine hazina jibu.

Kama umepewa rangi zimebadilika na hujui kama ni redoksi (ridaksheni na oksidesheni pamoja) kabisa, namba ya oksidesheni, tena ya kila elementi.

Wewe mwenye bado fomula zinakutisha, wacha namba zingoje wiki moja. Andika nusu-ikwesheni kumi zenye elektroni zimeonekana, ujizoeze kusema kwa mdomo "imetoa" ama "imepokea", halafu ndo uje kwa namba, utazielewa haraka sababu utakuwa unajua zinahesabu nini.

Na kama swali linataka ajenti, mwenye anaoksidisha wengine ni yule mwenye mwenyewe amepata ridaksheni. Pamanganeti inapokea elektroni, kwa hivyo ndo imenyang'anya mwingine, ndo ajenti wa oksidesheni. Tafuta kwanza nani amepokea, kisha ndo ugeuze jina, usijaribu kufanya vyote kwa kichwa kwa wakati mmoja.

Mpwa wangu nilimtumia maswali sita asubuhi yake, mawili bila elektroni, moja la kaboni, moja la jedwali, moja la kromati na moja la H₂O₂. Nilimwambia asijibu bado, aandike tu pembeni ya kila moja atatumia njia ya ngapi. Alipata tano. La kromati aliandika njia ya 3, tukaliongelea kwa simu, na hilo ndo ntamrudishia wiki ijayo likiwa na namba tofauti.